Na Kobayi Kikapuni Hadi Walikale

Kutoka Morogoro hadi Goma ni mabasi juu ya mabasi: Kahama, Rusumo, Kigali, kisha mteremko wa Gisenyi na Ziwa Kivu likitokeza bondeni. Hayo nayaruka. Kwangu safari ilianzia mpakani, pale wanapopaita Petite Barrière, ambapo kila asubuhi watu kwa maelfu huvuka kwa miguu wakiwa na ndoo za maziwa, matenga ya nyanya na mafurushi ya karoti. Unagongewa muhuri upande huu, unatembea hatua chache, unagongewa upande ule, na umeshaingia Kongo.

Goma ni mji mweusi. Nilikuwa nimesoma kwamba Januari 2002 mlima Nyiragongo uliripuka na lava ikapita katikati ya mji, lakini hakuna aliyeniambia kwamba watu waliyachukua mawe hayo hayo wakajengea kuta, wakafukia mashimo ya barabara, wakapangia vitalu vya maua. Na barabarani kuna chukudu. Ni chombo cha mbao tupu, hakina pedali wala mnyororo. Mwenye nacho hupiga goti moja juu ya ubao na mguu wa pili ukasukuma ardhi, akifika mteremkoni anakiachia kikimbie. Niliona moja imebeba magunia ya viazi hadi yakamzidi kimo anayeisukuma. Nilisimama nikishangaa mpaka mwenyeji wangu akanishika mkono tukavuka.

Mwenyeji huyo tulisoma pamoja Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Yeye ni mzaliwa wa Masisi, na kwa miaka mingi alinisumbua niende nikaone mifugo ya kwao. Nilipokwenda, Goma ilikuwa bado haijachukuliwa na waasi wa M23. Ilichukuliwa Januari 2025, wiki chache baada ya Masisi Kati, na mwezi Machi vita vikafika Walikale. Ninaandika nikijua kwamba huenda baadhi ya nyumba nilizolala hazina mtu sasa. Ndiyo sababu mojawapo ya kuandika.

Tulitoka Goma kwa gari la abiria hadi Sake. Mji huo mdogo ni njia panda: kusini unakwenda Minova na Bukavu, kaskazini Kitshanga, magharibi Masisi. Kuanzia hapo gari linapanda, na kadiri linavyopanda ndivyo picha yangu ya Kongo ilivyoharibika. Nilitarajia msitu. Nilikuta vilima vya kijani vilivyokatwakatwa na nyua za mbao, na ng'ombe wamesimama kwenye nyasi zinazowafika magotini. Kwetu Mvomero, ng'ombe hutembea kutwa nzima kutafuta maji, na mapigano ya wakulima na wafugaji huzuka kwa sababu ya malisho. Hapa Mushaki maji yanachuruzika kila bonde, ukungu unashuka saa nane mchana, na pembeni mwa barabara wanauza jibini ya mviringo, ya manjano, ile iliyokuwa ikipelekwa kwa ndege hadi Kinshasa. Nilinunua kipande nikakila vivyo hivyo bila mkate, mikono imekufa ganzi kwa baridi.

Mimi ni afisa mifugo. Nikiingia kijijini jicho langu huenda moja kwa moja kwa ng'ombe, kisha mbuzi, kisha kuku. Kwa hiyo tulipokaribia kwa mama yake, nje kidogo ya Masisi Kati, nilianza kuuliza: ng'ombe wenu wangapi? Akajibu kwamba hawana hata mmoja. Mbuzi? Hawana. Walikuwa nao zamani. Vita vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993 vikaenea hadi Masisi ndivyo vilivyoanza kuwamaliza, na kila vita iliyofuata ilichukua waliobaki. "Mifugo yetu iko jikoni," akasema, akaacha hapo hapo.

Mama alitupokea mlangoni kwa mikono miwili. Aliniita mwanangu kabla hajaniuliza jina. Jiko lao ni nyumba ya peke yake, ya miti na udongo, moshi unatokea kila upande wa paa. Nikainama niingie, naye akanishika bega.

"Pole pole, mwanangu. Usiingie mbio, utazikanyaga."

Nilisimama kizingitini mpaka macho yakazoea giza. Mafiga matatu, sufuria ya maharage, rundo la kuni ukutani. Halafu sakafu ikaanza kutembea. Vitu vya rangi ya kahawia, vyeusi, vyeupe, vyenye mabaka, vilichomoka chini ya kuni, vikapita miguuni pa mama, vikajificha tena. Ikasikika sauti nyembamba, wiiik, wiiik, na nyingine zikaitikia kutoka pembeni.

Sisi watu wa Morogoro hatuwezi kusema kwamba panya ni wageni kwetu. Pale Sokoine shirika la APOPO linawafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Lakini panya buku wana vizimba vyao na walezi wao. Jikoni kwa mama yangu, chochote chenye meno marefu ya mbele kikipita sakafuni kinafukuzwa kwa ufagio, na jirani anaitwa aje na paka wake. Moyo ulinidunda. Nilitamani kupandisha miguu juu ya kigoda.

Hao waliokuwa wakitembea sakafuni kwa mama ndio kobayi. Tanzania, Njombe na Iringa, wako wafugaji wanaowaita simbilisi, ila mimi nilikuwa nikiwajua kwa vitabu tu, tena kwenye sura ya wanyama wa maabara. Kwa asiyewahi kumwona: mchukue mtoto wa sungura, mpunguzie masikio yabaki upana wa ukucha wa kidole gumba, mwondolee mkia kabisa, mfupishe miguu hadi tumbo likaribie kugusa chini. Mzima akinenepa hufikia kilo moja hivi. Haparamii ukuta, hachimbi shimo, hang'ati ovyo. Ukimwekea kizingiti kifupi cha mbao mlangoni hatoki nje.

Usiku ule tulikula bugali na sombe, yaani kisamvu, tukiwa tumeuzunguka moto, nao wakaja. Baridi ya Masisi si mchezo, na kobayi anaijua kuliko mtu. Walijipanga karibu na mafiga, ubavu kwa ubavu, wakafumba macho nusu. Msichana wa nyumba hiyo, mjukuu wa mama, wa miaka kama kumi, alinipa tawi la majani ya viazi vitamu akaniambia nilishike tu, nisiite. Punde dume moja jekundu likasogea. Nilihisi kwanza ndevu zake kwenye vidole, kisha jani likaanza kuingia mdomoni kuanzia kwenye ncha, bila kukatika, mashavu yakitetemeka, mpaka pua ikagota kidole changu. Akanitazama. Nikatoa jani jingine. Kuanzia hapo hofu iliniisha, na kwa muda wote niliokaa pale nilikuwa wa kwanza kuamka kwenda jikoni.

Niliwasimulia kwamba mnyama huyu kwao ni milima ya Andes, Peru na Bolivia, ambako wenyeji walimfuga maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika. Nikawaeleza kwamba katika kanisa kuu la Cusco upo mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata, wa karne ya 18, na katika sahani mbele ya Yesu amelala mnyama ambaye wengi humtambua kuwa ni kobayi. Mama ni Mkatoliki wa kusali kila Jumapili. Alinyamaza, akakoroga moto.

"Na majani, nani alikuwa anamukatia?" akauliza.

Swali hilo ndilo linaloongoza nyumba ile. Mwenye kobayi ni mtoto, na anayekata majani ndiye mwenye mali. Yule msichana alikuwa na wake, kaka yake ana wake, na hata mdogo wao ambaye hajaanza shule alikuwa na jike moja la mabaka aliloliita kwa jina. Msichana akirudi shule anashika mundu na kamba, anarudi na mzigo wa matete, majani ya maharage na magugu ya shambani. Haumwagi mzigo huo jikoni papo hapo. Anautandaza kwanza juu ya kibanda unyauke, kwa sababu majani yaliyolowa mvua hulijaza tumbo la kobayi gesi. Hakuna aliyemfundisha hilo darasani. Mimi nililisoma kwa ajili ya mtihani.

Nami nilikuwa na la kuwapa. Kobayi hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, hali aliyo nayo pia binadamu, kwa hiyo akikosa kijani kibichi kwa muda afya yake huanza kushuka: anakonda, viungo vinavimba, manyoya yanakosa nuru. Ndiyo maana pumba peke yake haimtoshi. Msichana alisikiliza kwa makini, kisha akaniletea mmoja aliyekonda tumwangalie pamoja. Tukamwona meno ya mbele yamerefuka upande mmoja. Meno ya kobayi hayaachi kukua, yanasagwa na kutafuna. Yakipinda anashinda na njaa mbele ya chakula. Tulianza kumpa mabua magumu ya matete.

Yeye naye akanifundisha kumshika: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, asiachwe akining'inia. Akanionyesha kutofautisha dume na jike kwa kubonyeza kidogo kwa kidole gumba. Alifanya kwa wepesi ambao wanafunzi wenzangu hatukuwa nao hata mwaka wa tatu.

Asubuhi moja niliingia jikoni nikakuta jike la mabaka limejikunja nyuma ya kuni na linalamba. Limezaa. Watoto watatu, na hapa ndipo elimu yangu iliposimama kando na macho yakachukua kazi. Nimezalisha sungura wengi. Mtoto wa sungura huja uchi, kipofu, mwekundu, ametoka tumboni baada ya mwezi mmoja tu. Kobayi hubeba mimba zaidi ya miezi miwili, na hawa walitoka wamemaliza kila kitu: manyoya yamekauka, macho wazi, kucha zimetimia, meno yapo. Mmoja alijaribu kutembea akaangukia ubavu, akajiinua. Jua lilipofika katikati nilimwona huyo huyo ameshika kipande cha jani la haragwe, anakivuta kwa meno aliyozaliwa nayo. Nilimwita mwenyeji wangu aje aone. Akaja, akacheka kwa furaha yangu, akanikumbusha kwamba jike hilo linaweza kupandwa tena siku hiyo hiyo, na kwamba madume wadogo lazima watengwe wakiwa na wiki tatu au nne, la sivyo watapanda mama zao na dada zao.

Sasa nilielewa hesabu ya nyumba ile. Elimu ya msingi Kongo ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini daftari halikutangazwa, wala kalamu, wala sare. Kobayi wawili watatu wakipelekwa sokoni, daftari limepatikana, na mwezi ujao jikoni hakuna pengo. Mbolea inakwenda kwenye lengalenga, yaani mchicha, na kabichi. Mgonjwa akiwepo, supu ipo. Na siku ya kukimbia, nilimwuliza mama, inakuwaje? Akanionyesha kikapu kilichoning'inia juu ya mlango. Ng'ombe anaonekana kutoka kilima cha pili. Mbuzi analia. Kuku wanatawanyika. Kobayi watano wanaingia kikapuni, kitenge juu yake, kikapu kichwani, mtoto mgongoni. Walipofika kambini mara ya mwisho, alisema, walianza upya na hao hao.

Kitabu changu cha takwimu kazini hakina safu ya kobayi. Mama huyu angeandikwa kuwa hana mifugo. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao katika kazi yangu: safu hiyo iwekwe. Mnyama anayemlisha mtoto, anayemnunulia daftari na kuvuka naye vita hastahili kuachwa nje ya hesabu.

Dada wa mwenyeji wangu ameolewa Walikale. Alianza ufugaji kwa jozi moja aliyopewa harusini, na kwa kuwa huko kobayi ni wachache, walizaliana wao kwa wao mpaka watoto wakawa wadogo na wanakufa ovyo. Alikuwa ameagiza madume wa damu nyingine. Msichana akachagua wawili, jekundu lile na jeusi moja, akawaweka kikapuni juu ya majani makavu, akatia mashina ya viazi vitamu kuwa chakula na maji ya njiani. Alikuwa na sharti: badala ya madume wawili, aletewe jike mmoja kijana. "Tantini, wewe ni shahidi," akaniambia, akiniita shangazi. "Mujomba husahau."

Njia ya Masisi kwenda Walikale tuliikata kwa pikipiki mbili. Nyabiondo, halafu Kashebere, halafu matope. Nimepita Ifakara wakati wa masika, najua tope, lakini sikuwahi kuona malori yamezama hadi kwenye milango na madereva wamejenga vibanda pembeni, wanapika, wamefua na kuanika nguo, wanangoja jua. Pikipiki zilipita kwenye kijia cha upana wa tairi. Mara nyingi nilishuka nikatembea. Mwenyeji wangu alikuwa amefunga kikapu mbele ya kifua chake, na kila tuliposimama alifungua kifuniko awape hewa, nao wakapiga kelele ya kudai majani.

Kwenye kizuizi kimoja kijana mwenye bunduki alitaka kujua kuna nini ndani. Akachungulia. Jekundu likachungulia pia. "Kobayi tu," akamwambia mwenzake, akainua kamba. Mbele yetu mtu mwenye mbuzi wawili alikuwa bado amesimama pale, na alikuwa amefika kabla yetu.

Tukishuka, ubaridi ulituacha, na hapo hatimaye niliupata ule msitu niliokuwa nikiutarajia. Walikale ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa yake ni miti. Hewa ni nzito, jasho halikauki. Palikuwa na wakati, hapo Kilambo, ndege zilitua juu ya lami ya barabara kuchukua madini ya bati kupeleka Goma. Watu walihamisha mbuzi na watoto, ndege ikatua, ikaruka, wakarudi barabarani. Watu wengi huku ni Wanyanga, na wazee wao wanajua kutega. Sokoni niliona nyama ya msituni iliyokaushwa kwa moshi, nyingine sikuitambua wala sikuuliza. Mume wa dada, mwindaji tangu utotoni, aliniambia kwamba zamani aliweka mitego akiwa bado anamsikia jogoo wake akiwika. Sasa anatembea siku nzima. Alikubali kobayi kwa sababu hiyo. Sidhani kobayi atamaliza uwindaji; nyama yake ni kidogo na mazoea ni makubwa. Lakini jioni ambayo mwindaji anakaa nyumbani na familia inakula ni jioni moja msitu umepumzika.

Ufugaji wao haukufanana na ule wa Masisi. Sakafu ya huku ni ya unyevunyevu na siafu hupita usiku. Wakikuta watoto wa kobayi, asubuhi ni mifupa. Kwa hiyo dada amejenga kizimba cha mianzi juu ya miguu minne, na chini ya kila mguu amezungushia majivu anayoyabadilisha mvua ikinyesha. Ndani kuna vyumba: majike na dume lao, madume wadogo peke yao, mwenye mimba peke yake. Moto hawauhitaji. Nilitumia nusu siku kupima nafasi za sakafu ya mianzi, zisiwe pana mguu ukanasa, zisiwe finyu kinyesi kikabaki, na michoro yake ninayo kwenye daftari langu.

Madume walipotolewa kikapuni walinusa, wakaganda. Dada aliwageuza mmoja mmoja, akatazama meno, macho, tumbo, chini. Akaridhika. Kisha kazi ikawa kwa mwanawe, mvulana mwenye kizimba, ambaye alipaswa kutoa jike la kurudi Masisi. Alitoa dogo jeupe. Nikiwa shahidi, nikasema hapana, hili bado linanyonya. Akatoa la pili, mama yake akasema lile lina jicho bovu. Mvulana akajikuna kichwa, akaingiza mkono hadi pembe ya mwisho, akatoa jike jeusi lenye ukanda mweupe begani, limenona, na ilionekana wazi kwamba ndilo alilokuwa akilificha. Alilishika kifuani muda mrefu kabla ya kumkabidhi mjomba wake.

"Mumuambie," akasema, "ikizala, mwanamuke wa kwanza iko yangu."